Kuanika Pete

Ulimi ndio uliompa Msasa jina lake, si kazi. Wageni wa mtaa wa masonara walidhani anaitwa hivyo kwa kuwa hushinda akisugua vito juu ya gurudumu, lakini majirani walijua ukweli: mwanamke yule akikusalimu tu, unaondoka umekwanguliwa rangi. Mteja aliwahi kumletea mkufu wa shaba, akaapa ni dhahabu tupu aliyoachiwa na babake. Msasa akaupima kwa kiganja, akamtazama kwa huruma. "Pole kwa msiba," akasema. "Na pole kwa mzee. Alidanganywa kweupe." Mteja akacheka mpaka akashika meza, akauacha mkufu usafishwe, na wiki iliyofuata akarudi na shemeji yake.

Ndivyo alivyokuwa. Dunia ilishamzaba makofi mashavu yote mawili, naye badala ya kununa akajifunza kucheka kabla kofi halijafika. Duka lake la kwanza liliungua. Mumewe alitoka kwenda kununua wembe, na mpaka leo bado anachagua.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyozaliwa. Mlango mmoja ulitazama barabarani, mwingine ulitokea uani, penye kamba za nguo na jiwe la kufulia. Ndani kulikuwa na taa. Mbili za mrija darini, ndefu na nyeupe. Moja yenye shingo juu ya gurudumu. Moja ndogo mezani kama jicho la paka. Na nyingine ukutani ambayo hakuna aliyekumbuka iliwekwa kwa ajili gani. Msasa hakupatana na kivuli. Kivuli, alisema, ndicho kinachoficha ufa.

Na katikati ya mwanga huo wote, kwenye trei ya kitambaa cheusi, zililala yakuti zake. Hapo ndipo ulimi wake ulipopoa. Kuna nyakati, kazi ikiwa imetulia, alichukua moja kwa koleo jembamba, akaileta karibu na jicho, akaondoka. Mwili ulibaki juu ya kigoda, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia ndani ya ile buluu, mahali penye ubaridi mzuri ambapo hapakuwa na bati linalovuja wala mtu anayegonga mlango. Aliligeuza jiwe kidogo, buluu ya wino ikawa na ukijani kwa mbali, kama maji ya kisima yanapopitiwa na wingu. Aliligeuza tena, wino ukarudi. Rangi haikukaa juu ya jiwe kama rangi ya ukuta. Ilikaa ndani, kama fikira inavyokaa ndani ya mtu.

"Hodi humu!"

Msasa alirudi duniani akiwa bado ameshika koleo. Aliijua sauti. "Kama ni wifi, sipo," akajibu. "Kama ni mteja, karibu."

"Leo nimekuja vyote viwili. Sijui utanipokea kwa mguu gani."

"Kwa ule wenye kiatu kibovu, nikupige nacho."

Mke wa kaka yake akaingia akicheka, mwanamke mpana mwenye mkoba mpana zaidi. Mawifi hawa walikuwa wakichokozana tangu siku alipoolewa, na mmoja akikohoa, mwingine hakulala. Nyuma yake aliinama binti yake asigonge kichwa kwenye fremu ya mlango. Huyu alibeba jina la nyanya yake, mama mzazi wa Msasa, kwa hiyo kikongwe alikuwa akimwita Somo, na nyumba nzima ikafuata. Msichana alikuwa mrefu kama kamba ya kuanikia, na Jumamosi ilikuwa harusi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bibi harusi. Umerefuka tena? Huyo mume atakubusu kwa ngazi?"

"Mamaa, mwambie aache," Somo akasema, huku akicheka. Kisha akafungua kitambaa alichokuwa amekunja kiganjani, akakiweka mezani.

Msasa hakuhitaji kutazama. Aliijua ile pete kama anavyojua njia ya msalani gizani. Ilikuwa ya mama yake. Pete nzito ya dhahabu iliyokwisha kulika, na juu yake jiwe la mviringo, limebinuka kama mgongo wa kobe, rangi ya moshi uliochanganywa na buluu kidogo. Halikuwa na pembe hata moja. Msasa aliyekuwa akikata yakuti ziwe na pembe nyingi zinazorushiana mwanga, alikuwa akilitazama tangu utotoni na kusema moyoni kwamba aliyelichonga alichoka mapema akaenda kula.

"Naitaka ing'ae, shangazi," Somo akasema. "Naipenda kwa kuwa ni ya Bibi, lakini imefifia. Mama mkwe wangu ana pete ya yakuti, akiinua mkono unadhani kuna gari linakuja. Mimi nikinyoosha huu wangu, wataniuliza kama nimepaka majivu."

"Na yeye ndiye aliyepewa," wifi akasema, akimtazama Msasa kwa jicho la pembeni.

Hapo utani uliteleza kidogo.

Kwa sababu ndiyo, Somo ndiye aliyepewa. Mama alipokuwa kitandani mara ya mwisho, na taa zote za chumba zimewashwa kwa sababu Msasa hakutaka mgonjwa alale kwenye kivuli, kikongwe aliivua ile pete mwenyewe kwa mate na uvumilivu. Msasa akanyoosha kiganja. Yeye ndiye binti wa pekee. Yeye ndiye aliyejua vito. Mama akakitazama kile kiganja, akakifunga taratibu kwa vidole vyake, kikiwa kitupu.

"Mpe Somo," akasema. "Jiwe hili lina nyota. Nyie hamuioni, mna taa nyingi sana."

"Na mimi, mama?"

"Wewe utakua."

Utakua! Kichwa chake kilishaanza kuota mvi. Wajukuu wa rafiki zake walishaanza shule. Na mama, badala ya kumwachia japo pete, akamwachia neno analoambiwa mtoto anayetaka kushika kisu. Msasa aliligeuza neno hilo mara kumi, mara mia, na kila alipoligeuza lilimkata upande mwingine. Kwa nje alilifanyia mzaha. Kwa ndani lilikaa.

Nayo hiyo nyota! Tangu Msasa apate akili alisikia kwamba jiwe lile lina nyota. Nyumbani wote walielewa kama mtu yeyote angeelewa: kwamba lina bahati, kwamba mvaaji wake atang'ara machoni mwa watu na riziki zitamjia zenyewe. Wakaingoja. Baba akafa mapema, wakaitazama pete. Bati likang'olewa na upepo, wakaitazama pete. Duka likaungua, kaka yake akasimama mbele ya majivu akasema, "Nyota hiyo, inatuwakia," na wakacheka kwa kuwa kulia walikuwa wameshalia. Mama hakuwahi kuwasahihisha. Alitabasamu tu, na ikifika saa ya jua la utosi, alitoka uani kuanika pete.

Hilo ndilo jina walilolipa jambo lile. Mama akishamaliza kufua, jua likiwa limesimama wima na kivuli chake kimejikunja chini ya miguu, alisimama katikati ya uwanja, akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake, kiganja chini, akauinamia. Alikaa hivyo kwa muda wa chai kupoa, magoti yamelegea, kichwa kimeinama upande, akichezesha kidole polepole. Watoto wakapiga kelele kutoka mlangoni: "Mama, imekauka?" Naye bila kugeuka: "Bado mbichi." Maneno hayo yakawa mali ya ukoo. Mtu yeyote aliyekutwa amezubaa juani aliulizwa kama anaanika pete.

Msasa, aliyekuwa mdogo kwa umri na mfupi kwa kimo, alikimbia siku moja akaning'inia kwenye gauni la mama, akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Kutoka pale chini aliona vidole vyenye povu la sabuni, na ubavu wa jiwe la kijivu.

"Sioni kitu," akasema.

"Utakua," mama akamwambia.

Mara ya kwanza ilikuwa hiyo. Ya pili ikaja kitandani, miaka chungu nzima baadaye.

"Lete hapa," Msasa akasema sasa, akavuta taa yenye shingo. "Tuone ugonjwa wake."

Akazilegeza kucha za pete kwa koleo, moja moja, mpaka jiwe likadondoka kwenye kitambaa. Akalitia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sabuni, akalisugua kwa mswaki mlaini. Maji yakawa kama ya kuoshea sufuria. Yalitoka masizi, unga, sabuni ya zamani, maisha mazima ya mkono mmoja. Akalikausha, akaliweka mwangani. Akaiokota ile pete tupu, akawaonyesha.

"Mnaona? Upande wa kiganjani dhahabu imebaki kama unyasi. Masufuria, ndoo, jembe, vyote vimeila. Sasa tazameni jiwe. Tafuteni mkwaruzo."

Wifi akatafuta kwa lenzi, amefumba jicho lisilohusika. "Hakuna."

"Hakuna, na hutauona. Yakuti haikwaruzwi ovyo. Almasi ndiyo inayoiweza, wengine wanajisumbua. Dhahabu na fedha zinaisha, kama mumeo. Huyu haishi."

"Mume wangu ameingiaje humo?"

"Nimemwona juzi anavyopanda ngazi. Anaisha, wifi."

Somo alikuwa ameinamia trei ya kitambaa cheusi. "Hata hizi za njano ni yakuti?"

"Yakuti ni ukoo mkubwa, mwanangu. Wapo wa njano, wa kijani, wa waridi, wapo weupe kama maji. Yule mwekundu anajiona bwana, hataki kukaa trei moja na wenzake, lakini mama yao ni mmoja. Ila wa buluu ndio wanaowatoa watu akili. Mwekundu anakuita kwa sauti. Wa buluu hakuiti. Anakaa kimya mpaka uende mwenyewe." Alijishtukia anaongea polepole, kama mtu aliye nusu usingizini, akakohoa. "Shika moja. Weka shavuni."

Somo akaweka. "Baridi."

"Kioo kingeshapata joto lako. Hiyo inachelewa. Haina haraka na mtu."

Kisha Msasa akachukua lenzi, akaingia ndani ya jiwe la mama yake kwa mara ya kwanza maishani. Ajabu kidogo, mtu aliyechungulia mawe ya mtaa mzima hakuwahi kulichungulia la nyumbani. Lakini mama hakulivua, na yeye hakuliheshimu. Akaona alichotarajia. Hariri. Ndivyo mafundi wanavyouita ule utando wa nyuzi nyembamba mno zinazozaliwa ndani ya yakuti, zikalitia jiwe ukungu. Hapa zilikuwa nyingi ajabu, na zimejipanga. Zilielekea pande tatu, nyuzi juu ya nyuzi, kama kitambaa kilichofumwa na mtu asiyekuwa na shughuli nyingine tangu dunia kuumbwa. Jicho lake lilitulia hapo kidogo. Lakini mkono wake ulifunzwa na fundi mkali, na fundi yule alikuwa na sheria moja: hariri ivae mwilini, ukiiona ndani ya jiwe, washa tanuri.

"Tutalipika," akasema.

"Kulipika?" Somo akashtuka.

"Moto mkali sana, hariri inayeyuka, ukungu unaondoka, buluu inajaa. Mawe mengi unayoyaona madirishani yameshapikwa. Asubuhi linaingia kama moshi, kesho linatoka kama bahari. Kisha nalikata pembe, nalirudisha kwenye pete mpya. Mama mkwe wako atafunika yake kwa leso."

Somo akapiga makofi. Wifi akatafuta kiti. Msasa akaliweka jiwe ndani ya kijungu cha udongo wa moto, akaenda pembeni kwenye tanuri, sanduku la matofali lenye mlango mdogo, akabonyeza swichi lianze kujipasha taratibu. Likaguruma chini chini kama paka aliyeshiba. Mkononi alikuwa na kifuniko cha kile kijungu, naye hakukifunika mara moja. Alijiambia anangoja tanuri. Kwa kweli alikuwa anajaribu kufurahi. Pete waliyomnyima sasa ingepita mikononi mwake na kutoka ikiwa kazi yake. Ilipaswa kuwa tamu. Haikuwa.

"Wewe, wifi!" mke wa kaka akaita kutoka kitini. "Unapika kitu kibichi? Hujalianika!"

Somo akaangua kicheko. Msasa naye, ambaye hakuwahi kuacha utani ulale njaa, akaweka kifuniko chini. "Kweli bwana. Mama angenifufukia." Akachukua donge la nta analotumia kushikiza mawe kwenye kijiti, akalilainisha kwa vidole, akalitoa jiwe kijunguni, akaligandisha juu ya kidole chake cha pete. Akajifunga kitambaa cha kazi kiunoni kama mama alivyokuwa akijifunga, akatoka uani kwa mwendo wa mama, ule wa bata anayejiheshimu, na wale wawili wakamfuata hadi kizingitini wameshikana kwa kucheka.

Jua lilikuwa limesimama wima. Shuka jeupe lilining'inia kwenye kamba bila kupepea. Msasa akafika katikati ya uwanja, akalegeza magoti, akalaza kichwa upande, akanyoosha mkono, kiganja chini. Akainama kutazama.

Kulikuwa na nyota.

Haikuwa mng'ao wala mmeto. Nyota, yenye miale sita, myeupe na myembamba kama nyuzi za buibui asubuhi, imekutana katikati ya ile buluu ya moshi. Haikuwa juu ya jiwe na haikuwa ndani kabisa. Ilielea. Msasa akaacha kupumua, kidole kikatikisika, nyota ikateleza upande mmoja wa mgongo wa jiwe kama kitu hai kinachojinyoosha, kisha ikarudi. Akakichezesha kidole polepole. Ikamfuata. Sasa akajua kwa nini mama alikuwa akichezesha kidole.

Ua ukawa mbali. Kamba, shuka, jiwe la kufulia, vyote vilisogea nyuma kwa adabu. Alibaki yeye na mbingu ndogo iliyokuwa kidoleni mwake mchana kweupe, na alihisi sabuni. Alihisi harufu ya sabuni ya kufulia kwenye mikono yake mwenyewe, ingawa hakuwa amefua. Kwa muda hakujua ni nani aliyesimama pale, na kama angegeuka angemwona mtoto mfupi ananing'inia kwenye gauni.

"Imekauka, wifi?"

Msasa akazidi kuinama.

"Wifi? Jua limekupiga? Somo, mkimbilie shangazi yako, asije akaanguka na jiwe letu."

Somo akaja, akasimama ubavuni, akatazama. "Nini, shangazi? Sioni kitu."

Neno lilimfika Msasa ulimini lenyewe, bila kutumwa. *Utakua.* Alilisikia kabla halijatoka, akalisikia kwa sauti ya mama, na safari hii halikuwa na makali. Lilikuwa neno la kimo tu. Mtoto alikuwa mfupi, alikuwa akitazama kutoka chini na pembeni; akikua, akasimama palipo pake, ataona. Mama hakuwa amemtukana. Akaanza kucheka, na kicheko kikaja na maji.

"Njoo usimame nilipo mimi," akasema. "Lete kidole." Akahamisha nta na jiwe. "Kiganja chini. Usitazame kwa ubavu. Tazama kwa juu, kama unachungulia kisima."

Somo akachungulia kisima. Mdomo wake ukafunguka taratibu. "Mama," akasema, si kwa sauti kubwa. "Mama, njoo. Lina nyota."

"Tunajua lina nyota," wifi akasema akijikongoja. "Tumeingojea tangu—"

"Hapana, mama. Lina *nyota*."

Walipokezana, kila mmoja akisimama mahali pale pale kama wanapima kina. Wifi alitazama, akasogea, akarudi tena bila kungoja zamu yake. Msasa aliwaambia alichowahi kusikia kwa wachuuzi wa mawe wanaopita, kwamba zipo yakuti ambazo hariri yake imejipanga sawasawa kiasi cha kwamba mwanga mmoja ukizipiga nyuzi zile, unasimama nyota. Alikuwa amezisikia habari hizo kama mtu anavyosikia habari za samaki aliyekata ndoano. Na ndiyo maana jiwe lilichongwa mviringo bila pembe. Fundi wake hakuchoka. Alijua.

Ndani, tanuri liliendelea kuguruma.

Somo ndiye aliyelisikia kwanza. Akatazama mlango, akatazama kidole chake. "Lakini shangazi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya, "harusi ni ukumbini. Hakuna jua kule. Ni taa tu, dari nzima. Nyota haitaonekana. Litakuwa lile lile la majivu."

Msasa alikuwa na uwongo tayari. Ulikuja umevaa vizuri: *jiwe lina ufa, likiingia motoni litapasuka.* Nani angembishia? Lakini alishadanganywa vya kutosha kuijua ladha yake, hata uwongo ukipakwa asali. Akaumeza.

"Jiwe ni lako," akasema. "Nikilipika, litakuwa buluu ya kukunyima usingizi, na ukumbi wote utaliona. Sikutanii. Ila hiyo nyota ndiyo hariri yenyewe. Hariri ikiyeyuka, nyota imekwenda, na sijui tanuri linalopika kurudi nyuma. Kaa nalo. Ukiamua, niite."

Akaingia ndani na wifi yake, wakamwacha msichana peke yake uani. Msasa akaketi kwenye kigoda chake, mikono mapajani, haijui pa kwenda. Taa zote zilimwakia. Tanuri lilikuwa sasa na wekundu kwenye ufa wa mlango. Alitaka kuinuka akalizime, na hakuinuka. Halikuwa lake kulizima. Huo ndio uzito aliokuwa nao, kwamba kitu kile kingetoweka leo kwa mkono wake mwenyewe, naye angetakiwa kusema asante karibu tena.

Wifi akavuta kiti chake karibu. "Na angekupa wewe?" akauliza, bila utani safari hii.

Msasa alifungua kinywa ajibu kwa mzaha, akakuta ukweli umekalia njia. "Ningelipika," akasema. "Kabla machozi hayajakauka. Ningeliona lina hariri, ningewasha tanuri siku ile ile, na ningejisifu." Akakitazama kiganja chake, kile kilichofungwa kikiwa kitupu. "Mama alinijua, wifi. Alinijua vibaya sana."

Wifi akamshika bega, akaliminya, akaacha mkono hapo.

Somo aliingia akiwa ameinamia kidole, karibu agonge meza. "Inatembea hata nisipotikisa," akasema. "Jua likisogea kidogo na yenyewe inasogea." Akasimama katikati ya karakana, akalitazama jiwe, akakunja uso. "Sasa imepotea. Ah, shangazi, humu ndani una taa nyingi sana!"

Mawifi wakatazamana.

Msasa akainuka. Akabonyeza swichi ya tanuri, mgurumo ukakatika. Akazima taa za mrija. Akazima ya mezani. Akazima ile ya ukutani isiyojulikana kazi yake. Chumba kikaingia kivuli, kivuli kile alichogombana nacho maisha yake yote, na ikabaki ile yenye shingo peke yake. Akaivuta juu ya kichwa cha Somo. Kwenye kidole cha bibi harusi, polepole, kama mtu anayekuja mlangoni baada ya kuitwa mara nyingi, nyota ikasimama.

"Kumbe mama alikuwa anatoa maelekezo," Msasa akanong'ona, "sisi tukadhani ni mafumbo."

"Taa moja tu?" Somo akasema. Akachomoa simu mfukoni kwa mkono mwingine, akawasha tochi, akaishikilia juu. Nyota ikawa kali zaidi. Akaanza kucheka. "Basi nimeshapona! Atakayesema majivu, namvuta pembeni chini ya meza, nawasha tochi. Mama mkwe wa kwanza. Usilipike, shangazi. Lirudishe lilivyokuwa. Na wengine wakiniuliza nitawaambia lina nyota, waelewe watakavyoelewa."

"Bibi harusi chini ya meza na mama mkwe," wifi akasema. "Nimezaa nini mimi?"

Msasa alifanya kazi ile kwa taa moja. Aliongeza dhahabu palipoliwa, lakini alama za vidole vya mama, pale juu palipolainika kwa kusuguliwa na dole gumba, hakuzigusa. Alizikunja kucha upya juu ya jiwe kwa pumzi iliyozuiliwa. Alipomaliza hakulipitisha jiwe kwenye gurudumu hata kwa sekunde. Alilifuta kwa ncha ya gauni lake.

Ijumaa Somo alikuja kujaribu. Ilikaa sawasawa. Hakungoja kuambiwa; alitoka uani, akasimama katikati ya uwanja, akanyoosha mkono, akainama, akazama huko alikozama. Msasa akamfuata, akasimama ubavuni mwake. Msichana alikuwa mrefu mno. Shangazi mtu akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akashika gauni la mtoto asianguke, na kutoka pale chini akaona ubavu wa jiwe la kijivu.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha jirani, mwanamke aliyeijua nyumba ile tangu enzi za kikongwe. "Enyi! Mmezubaa nini juani? Mnaanika pete?"

"Tunaanika," Msasa akajibu.

"Imekauka?"

Msasa, ambaye hakuona kitu, akatabasamu mpaka masikioni.

"Wapi," akasema. "Bado mbichi."